Chenga kwenye picha: sauti ya babu, deki ya zamani na mistari ya mshazari

Najua nimekuwa kimya, kazi ya kuandika programu za watu imenimeza. Leo naomba tuache programu kidogo tuzungumze habari za vyuma, mipira na sumaku, kwa sababu majuma machache yaliyopita mama alinipigia simu kutoka Mombasa akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ile kanda ya harusi ya mama yako mdogo iko wapi?"

Kanda hiyo ni ya mwaka 1993. Ndani yake, katikati ya vifijo na watoto wanaokatiza mbele ya kamera, babu yangu mzaa mama anasimama na kumpa bibi harusi nasaha kwa muda wa dakika nne hivi. Babu alifariki mwaka 1996. Picha zake za karatasi tunazo tatu. Akiwa anatembea, anasema na kucheka, tunaye mahali pamoja tu duniani, ndani ya kaseti nyeusi yenye lebo iliyofifia. Hakuna nakala.

Kanda nilikuwa nayo mimi, Nairobi, kwenye sanduku moja na deki ambayo mjomba alituletea kutoka Dubai mwaka 1989. (Kwetu hatukusumbuka na majina: mashine ni video, kaseti ni video, filamu ni video, na kibanda cha kuonyeshea nacho ni video. Majirani zetu wa Tanzania waliita mashine deki, nami nitalitumia neno lao ili tuelewane.) Nikaichomeka, nikaifuta vumbi kwa shati, na hapo nikafanya kosa ambalo mtu wa kazi yangu hapaswi kulifanya: nikatia kanda ya pekee ndani ya mashine ambayo haijajaribiwa kwa miaka zaidi ya kumi na tano. Ni kama kujaribu programu mpya moja kwa moja kwenye hifadhidata ya benki.

Runinga ikajaa chenga. Nyeupe, nyeusi, zinachemka kama uji, na kwa mbali kivuli cha watu kinachopepesuka. Lakini sauti! Sauti ilikuwa safi kabisa. Nilimsikia babu akikohoa, akasema Bismillahi, akaanza kuzungumza, nami sikumwona. Nikatoa kanda haraka, nikakaa kitako sakafuni. Mpaka usiku ule sikuwahi kujiuliza kwa nini mashine moja, ikisoma kanda moja, inaweza kutoa sauti safi na picha mbovu kiasi kile. Jibu lake ni historia ya karibu miaka tisini, na nikagundua kwamba huwezi kutengeneza deki kama huijui historia hiyo. Kila namna ya ubovu wa picha inatokana na uamuzi fulani ambao mhandisi fulani aliufanya zamani.

Tuanze na sauti, maana ndiyo iliyotangulia. Kurekodi kwa sumaku kwenye utepe wa plastiki kulikomazwa na Wajerumani miaka ya 1930, kwenye mashine ya kampuni ya AEG iliyoitwa Magnetophon. Mwaka 1933 mhandisi wao Eduard Schüller alibuni hedi ya duara yenye ufa mwembamba, na hedi za kanda zilizofuata zote ni wajukuu wa hedi ile. Likumbuke jina hilo, litarudi. Vita vilipokwisha, mwanajeshi wa Marekani aliyeitwa John Mullin alizikuta mashine hizo Ujerumani, akatuma mbili kwao vipande vipande, akaziunga upya na kuzionyesha San Francisco mwaka 1946. Mwimbaji Bing Crosby, aliyekuwa amechoka kuimba moja kwa moja redioni, alizipenda, na fedha zake zikasaidia kampuni changa ya California iliyoitwa Ampex kuanza kuunda zake.

Sauti haina makuu. Kanda inapita polepole mbele ya hedi iliyotulia, basi. Ndani ya deki ya VHS ya huku kwetu, kanda inatembea milimita 23.39 kwa sekunde, mwendo wa konokono kabisa, na sauti inaandikwa kwa mstari ulionyooka kwenye ukingo wa juu. Hedi yake imesimama pembeni peke yake. Ndiyo maana nilimsikia babu: sauti yake haikupita kabisa kwenye sehemu iliyokuwa mbovu.

Picha ni balaa jingine. Sauti ya binadamu inahitaji mitetemo elfu kadhaa kwa sekunde. Picha ya runinga inahitaji mamilioni. Hedi haiwezi kuandika mawimbi yaliyosongamana hivyo kama kanda haikimbii kwa kasi ya ajabu mbele yake. Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa lile lile: basi tuikimbize kanda. Watu wa BBC, Uingereza, walijenga mashine iliyoitwa VERA na kuionyesha hewani Aprili 1958. Kanda yake ilikimbia zaidi ya mita tano kwa sekunde. Reli kubwa ya upana wa sentimita 52 ilibeba zaidi ya kilomita 4.5 za kanda, na kipindi kilikuwa cha dakika 15 tu! Fikiria kuwa karibu na dude lile kanda ikikatika.

Kumbe VERA ilikuwa imeshapitwa kabla ya kuzaliwa. Miaka miwili nyuma, Aprili 1956, watu wachache wa Ampex wakiongozwa na Charles Ginsburg walikuwa wameonyesha mashine yao Chicago. Wao walisema, kwa nini kanda ndiyo ikimbie? Tuizungushe hedi. Walifunga hedi nne kwenye gurudumu lililozunguka mara 14,400 kwa dakika, likiifagia kanda pana ya inchi mbili kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, huku kanda yenyewe ikijikokota sentimita 38 tu kwa sekunde. Mmoja wa kikundi hicho alikuwa kijana aliyeingia akiwa na miaka 19, Ray Dolby, yule yule ambaye jina lake baadaye lilikaa kwenye kila redio ya kaseti. Mwingine, Charles Anderson, alitatua jambo ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote: badala ya kuandika mng'ao wa picha kama ulivyo, waliugeuza kuwa masafa. Mahali penye weupe masafa hupanda, penye weusi hushuka. Kwenye VHS ya PAL ni kutoka megahezi 3.8 hadi 4.8.

Naomba tusimame hapo. Kwa sababu picha imeandikwa kwa masafa, uchafu kwenye hedi haufanyi picha ififie polepole kama taa ya betri inayokwisha. Mashine inaendelea kuyasoma masafa vizuri hata ishara ikidhoofika, mpaka inafika mahali haiwezi tena kutofautisha wimbi na kelele, na hapo picha inaporomoka mara moja, inakuwa chenga. Ukiona picha imefifia lakini haina chenga, usilaumu hedi, tafuta waya au runinga yenyewe. Ukiona chenga, hedi haifikii kanda.

Tarehe 30 Novemba 1956 stesheni ya CBS huko Los Angeles ilitumia mashine ya Ampex kuhifadhi taarifa ya habari iliyosomwa New York na kuirudia saa tatu baadaye, ili watu wa magharibi waione jioni yao. Kazi ya kwanza ya video basi ilikuwa kupambana na saa za jua! Mashine moja iligharimu karibu dola 50,000. Na mashine zile za mwanzo zilikuwa na ukaidi: kanda iliyorekodiwa kwa hedi hizi haikukubali kusomwa kwa hedi zile. Ilibidi hedi zihifadhiwe pamoja na kanda. Mkitaka kujua kwa nini deki ya nyumbani ina skurubu ndogo zilizofungwa kwa rangi kiwandani zisiguswe, chanzo ni shida hiyo. Miaka 20 ya kazi iliyofuata ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kuhakikisha kanda yangu inasomeka kwako.

Kufyeka kanda kwa kukata moja kwa moja kulikuwa na kasoro nyingine: kila hedi ilipita haraka mno, ikaandika mistari 16 hivi ya picha, kisha ikampokeza mwenzake. Picha moja ikawa viraka vingi. Hapa Schüller anarudi. Akiwa kwa Telefunken, mwaka 1953, aliomba hataza ya wazo la kuizungushia kanda silinda iliyoinama, ili hedi iandike mstari mrefu wa mshazari. Japani, Norikazu Sawazaki wa Toshiba alifika hapo hapo kwa njia yake, na Toshiba ikaonyesha mashine ya namna hiyo mwaka 1959. Mstari wa mshazari ukiwa mrefu vya kutosha, hedi moja inaandika nusu-picha nzima bila kupokezana katikati. Mwaka 1971 Sony walitoa U-matic, kanda ikaingia ndani ya kaseti, na mtu asiye fundi akaweza kuitia mwenyewe.

Kisha vita vya Betamax na VHS, ambavyo vimesimuliwa mpaka vikachosha, nitavipitia mbio. Sony walitoa Betamax Mei 1975, kaseti ya saa moja. Huku JVC, wahandisi wakiongozwa na Shizuo Takano na Yuma Shiraishi walikuwa wanaendelea na mradi wao kimyakimya katika idara iliyokuwa haina faida, na Septemba 1976 wakatangaza HR-3300, VHS ya kwanza, kaseti ya saa mbili. Saa mbili ni filamu nzima. JVC waliwagawia wenzao hakimiliki bila choyo, Matsushita wakaingia upande wao, na mambo yakaishia hapo. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji watano kwa wanne, kwamba mtu kurekodi kipindi cha runinga nyumbani kwake akitazame baadaye si kosa. Kufikia wakati huo mashine zilikuwa zimeshafika Lagos, Dar na Mombasa. Filamu ya Nigeria inayotajwa sana kama mwanzo wa Nollywood, Living in Bondage ya mwaka 1992, ilipigwa na kuuzwa kwa kaseti za VHS. Kwetu, vibanda vya video vilitufunza Kung Fu na Kihindi, na baadaye watu kama DJ Afro wakaanza kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake ya asili. Hayo yanastahili makala yake.

Ninachotaka mkione ni namna JVC walivyobana. Ndani ya deki ya PAL kuna silinda ya upana wa milimita 62, mafundi huiita dramu, inayozunguka mara 25 kila sekunde. Ina hedi mbili zinazotazamana, moja upande huu, moja upande ule, na kila nusu mzunguko hedi moja inaandika nusu-picha moja. Mstari mmoja una urefu wa karibu milimita 97 na upana wa mikroni 49, yaani umeshinda unywele wa mtu kwa wembamba. Ukipiga hesabu, hedi inapita juu ya kanda kwa karibu mita 4.85 kwa sekunde. Kanda ya saa tatu ina mita 250 na ushei. Kama hedi zingekaa tuli na kanda ndiyo ingekimbia, saa tatu zingehitaji kilomita 52 za kanda, utoke katikati ya Nairobi, uipite Thika, na bado una kanda mkononi. Mistari 540,000 ya mshazari, imelala ubavu kwa ubavu ndani ya kaseti inayoshikika kwa mkono mmoja.

Na imelala bila nafasi katikati. Mashine za awali ziliacha ukanda mtupu kati ya mstari na mstari ili visiingiliane. Betamax na VHS waliondoa nafasi hiyo kwa ujanja: ufa wa hedi moja umepindishwa nyuzi 6 upande huu, na wa pili nyuzi 6 upande ule (Betamax ni 7). Hedi ikiteleza kidogo ikaukanyaga mstari wa jirani, inausoma kwa pembe isiyo yake na haisikii kitu cha maana. Kila nikilifikiria jambo hilo nafurahi kama mtoto. Sisi waandishi wa programu tungeandika kurasa mia kuzuia data mbili zisigongane, hawa walipindisha kipande cha ferati.

Ila ujanja una bei. Wimbi la picha kwenye kanda lina urefu wa karibu mikroni moja, na ufa wa hedi ni kama theluthi ya mikroni. Ikiingia taka ya nusu mikroni tu kati ya hedi na kanda, nguvu ya ishara inashuka mara ishirini na zaidi. Nusu mikroni! Huioni kwa macho, hata kwa miwani ya fundi wa saa. Ni unga kidogo wa kanda iliyozeeka, au ukungu, basi babu anapotea.

Siku ya pili nikaenda kwa mzee mmoja mjini, karibu na Luthuli Avenue, ambaye zamani duka lake lilijaa deki mpaka mlangoni. Sasa anatengeneza vikuza sauti. Nikamweleza, akacheka. "Kijana wangu, umesafisha kwa nini?" Nikamwambia nilikuwa naelekea kununua pamba za masikio. Akaacha kucheka. Akanieleza kwamba ncha ya hedi ni ferati, inavunjika kama gamba la yai, na imejitokeza nje ya dramu kidogo mno. Nyuzi za pamba zinainasa na kuing'oa. Wengi walioleta deki kwake zikiwa na chenga kidogo walikuwa wameshazimaliza kwa pamba.

Basi nikafanya kama alivyonielekeza. Nikachomoa waya ukutani na kuiacha deki usiku kucha. Msichukulie hili mzaha: umeme wetu wa volti 240 ukishanyooshwa ndani ya deki yenye ugavi wa aina ya kisasa unakaa kwenye kapasita kubwa ukiwa karibu volti 340, na kapasita haijui kwamba umechomoa waya. Nikafungua kifuniko kwa bisibisi ya nyota. Nikakata kipande cha karatasi nyeupe ngumu kidogo, nikakilowesha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Si spiriti ya hospitali, ile mara nyingi ina mafuta, wala si ile ya rangi ya zambarau ya jiko. Nikaishikilia karatasi kwa wepesi kwenye ubavu wa dramu, nikaituliza hapo, na kwa mkono mwingine nikaizungusha dramu taratibu kwa kugusa juu yake. Karatasi haitembei, dramu ndiyo inayozunguka. Ole wako ukipandisha na kushusha! Karatasi ikatoka na michirizi miwili ya kahawia. Nikabadilisha, ikatoka ya kijivu. Ya nne ikatoka nyeupe.

Pamba za masikio hatimaye nikazitumia, lakini kwingine: kwenye hedi tuli ya sauti, kwenye mhimili wa chuma unaovuta kanda, kwenye mpira mweusi unaoibana kanda dhidi ya mhimili huo, na kwenye vinguzo vinavyoiongoza. Ule mpira ulikuwa unang'aa kama kiatu. Mpira unaong'aa unateleza, na mpira unaoteleza ndio unaotafuna kanda.

Nikatia kanda ya majaribio, mechi niliyoirekodi runingani mwaka 1998. Chenga zimekwisha! Lakini sehemu ya juu ya picha, kama theluthi yake, ilikuwa na ukanda wa kelele usiohama. Nikageuza kitufe cha trakingi huku na huku. Kitufe hicho hakisafishi chochote, kazi yake ni kusogeza wakati ambao hedi inaukuta mstari. Kwenye ukingo wa chini wa kanda kuna alama za sumaku, 25 kila sekunde, ambazo mashine inazihesabu kama mpiga makasia anayefuata ngoma. Trakingi inawahisha au kuchelewesha hesabu hiyo. Kama mstari wote umekosewa, itasaidia. Kama ni sehemu ya juu ya picha tu, haitasaidia, kwa kuwa hedi inaukuta mstari vibaya mwanzoni kisha inajirekebisha.

Hapa kujua jiometria ya Schüller na Sawazaki kunalipa. Hedi huanza mstari upande ambao kanda inaingilia kwenye dramu, na huo ndio juu ya picha. Inaumaliza upande wa kutokea, na huo ni chini ya picha. Kelele juu: tazama nguzo ya kuingilia. Kelele chini: tazama ya kutokea. Kishawishi ni kuishika bisibisi na kuzungusha skurubu ya nguzo, na mzee alikuwa ameniapiza nisifanye hivyo, maana ukishaivuruga pembe ile hutairudisha bila vifaa vya kiwandani. Nikawasha mashine ikiwa wazi, nikatazama inavyoivuta kanda kutoka kwenye kaseti na kuizungushia dramu. Nguzo ya kutokea ilifika ikajibana kwenye kikomo chake chenye umbo la herufi V. Nguzo ya kuingilia ilisimama kabla, labda nusu milimita. Grisi ya mwaka 1989 ilikuwa imekauka kwenye reli yake ikawa gundi. Nikaikwangua kwa kijiti, nikafuta, nikapaka mpya kidogo sana. Nguzo ikaingia V yake kwa mlio mdogo wa "tak". Picha ikanyooka.

Usiku mwingine niliupoteza kwa ujinga. Kwa kuwa nilikuwa nimeunganisha deki na kompyuta, niliona chini kabisa ya picha mistari michache iliyopinda, inatetemeka. Nikasafisha tena, nikazima, nikawasha, nikalaani. Kumbe si ubovu. Ni pale hedi moja inapompokeza mwenzake, na deki zote za VHS zinafanya hivyo. Runinga za zamani za kioo kizito zilikuwa zinakata kingo za picha, mistari hiyo ikafichwa nyuma ya fremu, hatukuiona maisha yetu yote. Kompyuta haikati kitu, inaonyesha mpaka aibu :-)

Ilibaki kanda yenyewe. Nikafungua mlango wake mdogo wa mbele nikaimulika kwa tochi. Kanda ya Mombasa iliyokaa kabatini inaweza kuota ukungu, unaona unga mweupe kwenye kingo za mviringo wa kanda, na ukiitia hivyo unaichafua mashine uliyoitesekea. Yangu ilikuwa safi. Nikaisogeza mbele mpaka mwisho na kuirudisha nyuma mara moja, kwa sababu kanda iliyolala miaka mingi hushikana, kisha nikabonyeza rekodi kwenye kompyuta na chezesha kwenye deki. Sikutaka kuicheza mara mbili kama mara moja ingetosha.

Babu amevaa kanzu na koti la kijivu. Nilikuwa nimelisahau koti. Anazungumza mkono mmoja ukiwa begani kwa mama mdogo, na anapokohoa anageuka pembeni na kuomba radhi. Mistari midogo meupe inapita usoni mwake mara chache. Hayo ni mapengo ambapo unga wa sumaku umebanduka, na deki huyajaza kwa kurudia mstari uliotangulia wa picha, mikrosekunde 64 nyuma. Kisha dakika ya tatu picha inayumba, inapinda, inakuwa chenga, inarudi. Sekunde tisa. Nikasimamisha, nikatoa kaseti na kutazama pale pale. Ukingo wa chini wa kanda umekunjwa, kama ukurasa wa kitabu. Alama za kuhesabia zimepotea, mashine haijui mstari unaanzia wapi. Sauti, iliyo ukingo wa juu, haikuguswa.

Nilimtumia mama faili siku hiyo hiyo. Alipiga simu baada ya saa nzima. Nikamweleza kuhusu sekunde zile tisa na mkunjo ule, nikasema pengine deki iliitafuna kanda zamani. "Haikuitafuna," akasema. "Ni wewe. Ulikuwa na miaka saba, ukaingiza mkono mlangoni ukaivuta, baba yako akairudisha ndani kwa penseli."

Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikiunda deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Hedi mpya hazitengenezwi, na mzee wa Luthuli anasema zilizobaki kwake anazitoa kwenye deki zilizokufa. Sandukuni bado nina kanda nyingine, iliyotumwa na binamu yangu kutoka Marekani mwaka 1997. Hiyo ni NTSC, dramu inatakiwa kuzunguka karibu mara 30 kwa sekunde, na deki ya mjomba inajua 25 tu. Kama kuna mtu Nairobi mwenye deki inayosoma mifumo yote miwili, nitakuja na karatasi na alkoholi yangu mwenyewe.